Hesabu ya Kulipita Gari Njiani

Katika njia itokayo Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi, malori yachukuayo shaba hufuatana mchana na usiku, na nyuma yake daima yuko dereva aliyechoka kungoja. Huchungulia, huona njia ni tupu, hutoka. Wengi hufika, wengine hawafiki. Aliyekufa mara nyingi hakukosa ujasiri, alikosa hesabu. Basi tuifanye pamoja, nanyi wanafunzi mshike kalamu.

Lori laenda kilometa 54 kwa saa, ndizo meta 15 kwa sekunde. Sisi twaenda kilometa 72, ndizo meta 20. Je, twalikaribia kwa mwendo gani? Si kwa meta 20, bali kwa tofauti yake: meta 5 tu. Mtu aketiye juu ya lori atuona tukisogea kama mtu apigaye mbio kwa miguu.

Twaanza meta 18 nyuma ya lori. Urefu wake ni meta 18. Gari letu ni meta 4. Wala tusirudi upande wetu kabla ya kuliacha meta 20 nyuma. Jumla ni meta 60. Kwa meta 5 kila sekunde, kazi hiyo yataka sekunde 12.

Sasa tutazame mbele. Gari lijalo laenda kilometa 90 kwa saa, yaani meta 25 kwa sekunde. Hapa miendo haitolewi, bali yajumlishwa: 20 na 25 ni 45. Katika sekunde 12 meta 540 zimekwisha. Gari lile likiwa karibu kuliko hapo, twagongana.

Tena lori likienda kilometa 63, tofauti yabaki meta 2 na nusu. Sekunde zawa 24, na njia itakiwayo yapita kilometa moja. Ndiyo maana lori liendalo karibu sawa nasi ni la hatari kulipita kuliko liendalo polepole.

Wala tusiyategemee macho peke yake. Gari lijalo kutoka mbali huonekana kama limesimama. Umbo lake huongezeka mara mbili umbali upungukapo nusu: kutoka meta 800 hata 400 hupita karibu sekunde 9, lakini kutoka 400 hata 200 hazifiki 5. Tunaposhtuka, nafasi imekwisha. Na mwenye gari la usukani wa kuume, katika nchi yetu tupitayo upande wa kuume, haoni mbele ya lori mpaka amelitoa gari lake katikati ya njia. Huyo na asogee nyuma zaidi, apate kuona.

Na anayengoja apoteza nini? Tukilifuata lori lile la kilometa 54 kwa mwendo wa kilometa sita, twachelewa dakika moja na sekunde 40. Basi, enyi akina baba mshikao usukani, mlimani, penye kona na penye vumbi, ngojeni. Nanyi akina mama na watoto mketio nyuma, msione haya kumwambia dereva: «Bado.» Chakula cha jioni chaweza kungoja dakika mbili, aliyezikwa hangojewi tena.