Shasi ya Coccinelle ya baba

Wiki hii tunaandika habari ambayo tuliificha tangu mwezi wa sita. Wengine wenu mlipita kwetu mkaona gari limelazwa uani bila magurudumu, mkauliza, tukajibu kwamba linatengenezwa. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa fupi mno.

Gari ni Volkswagen Coccinelle. Baba yetu, mwalimu kama sisi, aliinunua mwaka 1974 kwa Mgiriki mmoja aliyefunga duka na kuondoka baada ya Mobutu kutangaza zairianisation tarehe 30 Novemba 1973. Baba aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akituambia kwamba vigari kama hicho viliwahi kushinda mashindano ya Safari Rally huko Kenya, Uganda na Tanganyika, mbele ya magari makubwa. Tukiwa watoto tulicheka. Lakini ni kweli: Coccinelle ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Baba hakuwa mtu wa hadithi za uongo, na tungemwomba radhi kama angekuwa bado yuko.

Vita ilipofika Bukavu mwezi wa kumi 1996, tulikimbia kwa miguu. Tuliporudi, gari lilikuwepo lakini magurudumu, viti na batri vilikuwa vimekwenda. Batri walichukua, asidi yake walituachia. Hilo hatukulijua mpaka mwaka huu. Kisha tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ile ya tetemeko, ukuta wa kibanda ulianguka, manjanja yakapasuka, na mvua ya Bukavu mnaijua, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano haina huruma na chuma.

Kwa nini tulilifufua? Shemeji yetu ndiye aliyeleta wazo. Alisema vijana wa siku hizi wanatafuta magari ya zamani kwa harusi, Coccinelle iliyopakwa rangi nyeupe na kufungwa maua inaweza kukodiwa kila Jumamosi, na mama, ambaye ni mjane asiye na pensheni ya maana, angepata kitu cha kununulia dawa za presha. Mama mwenyewe hakusema habari ya harusi. Alisema tu, "Baba yenu asingeiacha ioze." Na sisi watoto watatu wa kike, nani kati yetu angemjibu?

Fundi wa kwanza alikuja, akazunguka gari, akapiga mlango kofi, akatupa bei: dola 180. Kazi 100, mabamba ya chuma 60, vijiti vya kuchomelea na rangi 20. Alitaka zote mkononi kabla ya kuanza. Tuliandika ombi kwenye MUSO yetu, tukakopeshwa dola 200 kutoka kasha la kijani, kulipa kwa miezi minne. Mkopo uliandikwa kwa jina letu. Shemeji mwenye wazo hakuandikwa popote, na hilo tuliligundua baadaye.

Hapa lazima tueleze kidogo, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tunajua. Coccinelle haina shasi ya nguzo mbili ndefu kama kamionete. Shasi yake ni sahani pana ya chuma, ndiyo sakafu mnayokanyaga, na katikati kuna mfereji uliofunikwa, kama uti wa mgongo. Ndani ya mfereji huo ndimo unamopita waya wa breki ya mkono, waya wa klachi, waya wa mafuta na fimbo ya gia. Mwili wa gari umewekwa juu yake kama kifuniko cha sufuria, ukafungwa kwa bulo kuzunguka pande zote. Batri inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ikivuja asidi, au maji yakituama pale, sakafu inaliwa kutoka juu, na matope yanaila kutoka chini.

Kwa hiyo anayetazama gari kutoka nje anaona mwili, anaona taa, anaona alama mbele. Ugonjwa uko chini ya mazulia. Fundi yule hakuinua zulia hata moja kabla ya kutaja bei, na sisi hatukumwambia ainue.

Alifanya kazi siku tano. Alitoa mwili juu ya shasi kwa msaada wa vijana wa avenyi, bulo nyingi zikakatika vichwa kwa kutu. Kisha akachomelea mabamba mapya, akapaka lami nyeusi kila mahali, ikang'aa. Tulifurahi. Mama alimpikia sambaza na ugali.

Jambo lililotustua lilitoka darasani. Siku hiyo tulikuwa tunafundisha darasa la sita habari ya mstatili, kwamba ukipima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, vipimo viwili lazima vilingane, na visipolingana umbo limepinda. Jioni tulirudi nyumbani na kamba ya somo mkononi. Tukaona matundu manne ya bulo, mawili mbele, mawili nyuma, yanayotazamana sawasawa. Tukavuta kamba mshazari mmoja, kisha wa pili. Tofauti ilikuwa karibu sentimita mbili. Tukapima tena, labda mkono ulitetemeka. Sentimita mbili.

Tukamwita mzee mmoja wa Kadutu ambaye amechomelea magari tangu tukiwa watoto. Hakutazama lami. Alichukua nyundo ndogo akaanza kugonga, ko, ko, ko, kama daktari anayegonga kifua. Mahali pengine chuma kililia, mahali pengine kilinyamaza. Palipokuwa kimya alichukua bisibisi akaisukuma, ikaingia mpaka mpini. Akatuambia polepole, "Madamu, hapa hakuna chuma. Kuko rangi tu." Fundi wa kwanza alikuwa ameweka mabamba membamba juu ya kutu bila kuikata, akaifunika kwa lami. Kutu iliyofunikwa haifi, inaendelea kula gizani. Na kichwa cha shasi, pale mbele ambapo ekseli ya magurudumu ya mbele inashikwa, hakuwa amekigusa kabisa. Kilikuwa kimeliwa nusu. Mzee alisema gari hilo likipelekwa barabarani likiwa na maharusi ndani, siku moja ekseli ingetoka yenyewe, labda pale kwenye mteremko.

Usiku huo hatukulala vizuri. Dola 180 zilikuwa zimekwisha, na kazi yote ilipaswa kung'olewa.

Mzee alitaka dola 150 za kazi, lakini alikubali kulipwa kidogo kidogo, baada ya kila hatua tuliyoiona kwa macho. Mabamba manene mawili yakawa 90. Vijiti vya kuchomelea 35. Umeme ulikatika siku nane ambazo mzee alikuwa amepanga kuchomelea, ikabidi kukodi jenereta na kununua mafuta, dola 12 kila siku, yaani 96. Kichwa cha shasi hakitengenezwi hapa, tukakipata kwenye Coccinelle iliyokufa Bagira: dola 70, na kamionete ya kukileta 15. Bulo mpya na mpira wa kuweka kati ya shasi na mwili 28. Rangi ya kuzuia kutu, ya kweli, 24.

Tena kulikuwa na mwili wenyewe. Fundi wa kwanza aliukata kingo za chini bila kwanza kuufunga vyuma vya kuushikilia kwa ndani. Mwili uliokatwa hivyo unalegea, unafunguka kama sanduku la katoni lililolowa. Mzee alipoujaribisha juu ya shasi mpya, mlango wa dereva ulikataa kufunga. Kuunyoosha, dola 40 nyingine.

Jambo moja liliponea chupuchupu. Namba ya shasi ya Coccinelle imepigwa juu ya ule mfereji, chini ya kiti cha nyuma. Msaidizi wa mzee alikuwa ameshaanza kusaga kutu pale, na tungekawia dakika kumi, namba iliyo kwenye karte roze ya baba ingekuwa vumbi. Gari bila namba ni gari la nani? Tulipiga kelele hata jirani akatoka.

Jumlisheni wenyewe: 180 za kwanza, na 548 za pili. Dola 728, kwa kazi tuliyoambiwa ni 180, na injini bado hatujaigusa.

Fedha zilitoka wapi? Dola 200 za MUSO. Dada yetu aliye Goma alituma 150. Mama aliuza mbuzi wawili, 140, akatuambia hawakuwa wakinenepa, jambo ambalo si kweli. Na zamu yetu ya likelemba ya walimu, 150, ikaenda hukohuko. Zamu hiyo ilikuwa ya minervali ya mtoto wetu wa kwanza. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini yeye yuko sekondari, na kwa wiki mbili alirudishwa nyumbani. Alikaa uani akitazama gari. Hakusema neno, na heri angesema. Tuna deni la dola 88 kwa mzee.

Sasa sehemu iliyotufanya tuandike. Mwezi wa kumi, siku ya kulipa MUSO, tulikwenda na dola 60 badala ya mkopo wote. Tulitayarisha maneno mengi njiani. Kumbe mama mmoja wa kikundi chetu, anayeuza sambaza, alikuwa amepangiwa kukopeshwa siku hiyohiyo kwa fedha zetu. Alikuwa ameshaongea na wavuvi. Mweka hazina alifungua kasha la kijani mbele ya wote, akahesabu, akanyamaza. Mwingine akapendekeza kuchukua kwenye kasha jekundu. Mama yule wa sambaza ndiye aliyekataa. Alisema kasha jekundu ni la wagonjwa na wafiwa, na shasi haijafa. Watu walicheka. Sisi hatukucheka. Alikosa zamu yake ya kununua, na kwa wiki tatu aliuza mboga.

Yeye hajatulaumu hata leo. Tukikutana sokoni anauliza, "Gari inaendelea?" na kweli anataka kujua. Tungependelea atutukane.

Tumekubaliana hivi na kamati: dola 40 kila mwezi mpaka deni na riba viishe, na kila kitakacholipwa kinakwenda kwanza kwa mama wa sambaza. Shemeji ameitwa pia, mbele ya mama, akaandikiwa dola 88 za mzee kwa jina lake. Alijikuna kichwa, akatia saini. Injini haitaguswa kabla ya madeni kwisha, hata kama harusi zote za Ibanda zitapita.

Kwa walio na gari la zamani nyumbani, au waume wenye mawazo: nyundo ndogo, bisibisi na kamba vilitugharimu chini ya dola tatu, na tulivinunua baada ya kulipa 180.

Shasi sasa ni nzima. Tulipima tena kwa kamba, mishazari yote miwili ikalingana, na mtoto wa sekondari ndiye aliyeshika upande wa pili. Jumamosi ijayo asubuhi tutarudisha mwili juu yake. Mzee anasema wanahitajika watu wanane wenye nguvu, na tumepata sita. Mama ameshaloweka maharagwe.