Usitoke Uwanjani

Kila mwaka, siku ya michezo ya shule inapowadia, mimi huona jambo moja linalonihuzunisha. Vijana husimama mstarini kwa mbio za mita 5,000, nayo ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Ufikapo mzunguko wa tano, yule aliye nyuma huyatazama masafa yaliyosalia, kisha hulishika paja lake na kuchechemea mpaka nje ya mstari wa chokaa. Wenzake humpa pole na maji. Jioni, bwenini, paja lile limekwisha pona.

Msomaji wangu, usidhani ya kuwa nakudhihaki. Nami nilipokuwa chuo cha ualimu nililishika paja lisiloumwa. Kwa hiyo najua vema kilichonitoa uwanjani siku ile. Hayakuwa maumivu, ilikuwa aibu ya kuonekana wa mwisho.

Wako watu wazima wanaoitetea tabia hii. Husema, “Mwacheni, asiyekubali kushindwa si mshindani.” Methali ni njema, bali wameipindua. Kukubali kushindwa ni kuufikia mstari wa mwisho, kumpa mkono aliyekutangulia, na kurudi mazoezini kesho yake. Atokaye njiani hakukubali kushindwa, bali amekukimbia.

Watazame watu wa vilima vyetu hivi vya Kisii na Nyamira. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro alikimbia maili tatu bila viatu katika uwanja wa White City, London. Alianza kwa kasi kubwa, akawaacha wenzake mbali, kisha nguvu zikapungua. Freddie Green na Chris Chataway wakampita, na wote wawili wakavunja rekodi ya dunia. Hapo ndipo mwenye moyo mdogo angalilishika paja lake. Maiyoro alimaliza wa tatu. Mwaka uo huo, huko Vancouver, akawa wa nne. Katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ambayo ndiyo Kenya ilishiriki mara ya kwanza, akawa wa saba katika mita 5,000. Na Roma, mwaka 1960, akawa wa sita. Nishani ya Olimpiki hakuipata kamwe. Je, tumwite mtu aliyeshindwa? Kama ndivyo, basi ni nani aliyewaonyesha vijana waliomfuata ya kuwa mtoto wa Kisii aweza kusimama mstari mmoja na mabingwa wa dunia?

Mmoja wa waliofuata ni Naftali Temu wa Nyamira. Mwaka 1964, katika marathoni ya Tokyo, alimaliza wa 49. Hebu fikiri: watu arobaini na wanane mbele yako! Mwaka 1966 huko Kingston, katika maili sita, alimshinda Ron Clarke wa Australia, bingwa mkubwa wa zama zile. Kisha tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico, katika mzunguko wa mwisho wa mita 10,000, Mamo Wolde wa Ethiopia alimtangulia. Temu hakukata tamaa. Alimwandama, akampita karibu kabisa na mwisho, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Utaniambia, “Mwalimu, hao walizaliwa na mbio.” La! Neno hilo huwavunjia heshima wao, na kukupa wewe kisingizio. Kama kuzaliwa kungalitosha, Temu angalishinda Tokyo. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni miaka minne ya kazi baada ya kuwa wa 49.

Tena utasema, “Hata nikimaliza, sitakuwa Temu.” Yamkini ni kweli. Wengi wetu hatutapata nishani yoyote maishani. Lakini mwili huzoea unachofundishwa. Anayezoea kutoka katika mzunguko wa tano atatoka pia hesabu zikiwa ngumu, na shamba likiwa na magugu, na nyumba ikiingiwa na dhiki. Simsemi aliyeumia kweli. Huyo na atoke akatibiwe, wala si aibu. Namsema mwenye paja zima na moyo uliolegea.

Nanyi watazamaji mnalo deni. Mkimshangilia wa kwanza peke yake, kisha mkamcheka wa mwisho, ninyi ndinyi mnaomfundisha kuchechemea. Simameni mpaka afike.

Basi, kijana, safari ijayo utakapojikuta nyuma, nawe ukiuona mkono wako unashuka kulishika paja, uinue. Utembee ikibidi, lakini uuvuke mstari wa mwisho. Jina lako litaandikwa la mwisho katika orodha, nalo litakuwa limeandikwa.