Kiswahili cha Jikoni na Kura ya Parklands

Mama mmoja wa Mashimoni, kijiji katika vijiji vya Kibera, hutoka nyumbani alfajiri akapanda matatu mbili hadi Parklands. Huko hufua na kupika katika nyumba ya Wahindi, na kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Ni mtu mzima mwenye wajukuu. Juzi nilimwuliza tajiri wake humwitaje. Akacheka, akasema, "Jina langu pale ni Wewe."

Wewe kuja. Wewe leta maji. Wewe kwenda duka. Msomaji wa Mombasa au Lamu akisikia maneno hayo huenda akatabasamu, lakini mimi sikutabasamu, kwani mwenye kuitwa hivyo alikuwa amekaa mbele yangu.

Parklands imo katika jimbo la uchaguzi la Westlands, pamoja na Kitisuru, Karura, Mountain View na Kangemi. Katika sehemu chache za Nairobi utakuta Wahindi wengi kama Parklands: mahekalu, misikiti, shule, hospitali, maduka ya sari na ya mithai. Kangemi nako, mwendo mfupi tu kutoka hapo, watu wamesongamana katika vyumba vya mabati kama walivyosongamana Mashimoni na Kawangware. Siku ya kura wote hao ni jimbo moja, na mbunge wao ni mmoja.

Mwaka 1992 Westlands ilimchagua Amin Walji, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, kwa tikiti ya KANU. Baadaye walikuja Fred Gumo na Timothy Wanyonyi, ambao si Wahindi. Wako wanaosema sababu ni uchache wao, na kwa hakika ni wachache: sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya wenye asili ya Asia 47,555, yaani kama mmoja katika kila Wakenya elfu moja. Wengine wanasema sababu ni rangi. Sikatai kabisa. Ila hebu tutazame Kisumu, ambako Shakeel Shabbir alichaguliwa mwaka 2007, na mwaka 2017 akashinda bila ya chama. Tutazame na Imenti Kaskazini, huko Meru, ambako Rahim Dawood alichaguliwa mwaka 2013. Hayo si majimbo ya Wahindi. Wahindi wa huko ni wa kuhesabika, na hao wawili wakapigiwa kura na watu wasio wa asili yao!

Basi wingi si dawa. Nionavyo mimi, penye wachache mtu hulazimika kujuana na jirani, amwulize hali, ahudhurie maziko yake, wagombane na wapatane, na yote hayo kwa lugha ya huko. Penye wengi, kama Parklands, mtu aweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kufa bila ya kuhitaji Kiswahili ila cha kuamrisha.

Jambo hili lina asili yake. Serikali ya kikoloni iliwatenga watu hata katika sanduku la kura. Mwaka 1923 Wahindi wa Kenya walipewa viti vyao vitano katika Baraza la Kutunga Sheria, na Waarabu kiti chao kimoja. Miaka ya hamsini hata viti vya Waasia vikagawanywa, vya Waislamu mbali na vya wasio Waislamu. Mtu alifundishwa kuwa mbunge wake ni wa kabila lake na dini yake. Tanganyika nako, mwaka 1958, kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mpango ule ulichukiza wengi, na haki yao. Lakini Mwasia aliyetaka kiti ilimpasa aombe kura za Waafrika.

Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Mwaka huo huo Wanubi wa Kibera, ndugu zetu Waislamu walioishi hapo zaidi ya miaka mia, walipewa hati ya ekari 288. Wanubi hawa Kiswahili wanakisema vizuri mno, wala hakikuwaharakishia hati. Kwa hiyo sisemi kwamba lugha hufungua kila mlango.

Na sisi wa pwani tusijisifu. Kweli kuna Mabohora na Wakumbaro wa Mombasa ambao Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha wengi wetu, maana waliishi mtaa mmoja nasi na mabibi walikaa kibarazani pamoja. Lakini ni nani anayecheka zaidi michezo ya redio inayomwigiza Mhindi wa duka? Na Mhindi akijaribu kusema sawasawa, mara ngapi tumemjibu kwa lafudhi ile ile ya mzaha?

Yule mama hapigi kura Westlands. Kura yake iko Kibra, na hilo halimsumbui. Alilonihadithia kwa furaha ni jingine. Mtoto wa nyumba ile, msichana wa darasa la nne, amefundishwa maamkizi shuleni. Asubuhi moja alimfungulia mlango akamwambia, "Shikamoo, bibi." Mama wa mtoto alikuwapo, akageuka akatazama. "Nilisimama na beseni mkononi," akaniambia, "nikasahau jibu lake."