Ofisi husika ni ipi?

Mkulima wa Kisiwani, wilayani Same, anapoamka na kukuta tembo wamepita shambani usiku, ana mambo matatu ya kujua kabla jua halijapanda: amwambie nani, aandike nini, na mabua yaliyobaki ayafyeke au ayaache mpaka mtu wa tathmini afike. Sheria haijamsahau. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Zikaeleza mpaka hesabu yenyewe, kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ni jirani yake. Anachohitaji ni ukurasa mmoja unaomwambia kama mtu anavyomwambia mwenzake: fanya hili leo, lile kesho, mwone fulani pale ofisi ya kata, nenda na hiki mkononi.

Ukurasa wa namna hiyo hauandikwi na fundi wa kompyuta. Unaandikwa na mtumishi wa umma aliyefundishwa kuandika. Tunasema wazi kwamba hapo ndipo mafunzo ya watumishi wetu yamepungua, na hapo ndipo fedha inayofuata iende.

Kwa upande wa ufundi nchi imepiga hatua, na ni haki kulisema. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na sheria ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka. Mwaka 2017 zikazinduliwa kwa mpigo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, Same na Mwanga zikiwemo. Kabla ya uzinduzi huo maafisa habari na maafisa TEHAMA walikusanywa kikanda, wakafundishwa chini ya TAMISEMI, Serikali Mtandao na mradi wa PS3 uliogharimiwa na Marekani kupitia USAID. Walijifunza kusimamisha tovuti juu ya kiunzi kimoja kinachofanana nchi nzima, kupakia picha, kupandisha matangazo na kuhuisha habari. Tunawashukuru waliofundisha na waliofundishwa.

Sasa fungua tovuti za halmashauri zetu, za mkoa wowote, usome kwa macho ya mtu mwenye shida. Mara nyingi kinachotangulia ni habari ya kiongozi: kafika, kapokelewa, kakagua, kaagiza. Aya ya kwanza ina cheo, jina, na cheo kingine. Aya ya tatu ndipo unapogundua kwamba zahanati imefunguliwa, na habari inaweza kufika mwisho bila kusema inafunguliwa siku zipi na inatibu nini. Matangazo nayo huwekwa kama picha ya karatasi iliyogongwa muhuri na kuskaniwa. Kwenye simu ndogo maandishi yake hayasomeki. Ukitafuta maneno yake mtandaoni huyapati. Asiyeona, ambaye simu yake ingeweza kumsomea, hasomewi kitu, kwa sababu kwa simu ile ni picha tu.

Halafu kuna lugha. Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo.

Tutunge mfano, ambao yeyote aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo ataitambua sauti yake: “Halmashauri inapenda kuwataarifu wananchi wote wenye nia ya kunufaika na mikopo itokanayo na asilimia kumi ya mapato ya ndani kufika katika ofisi husika wakiwa na nyaraka husika ili kukamilisha taratibu husika.” Sarufi haina kosa. Uongo haumo. Na mama wa Vunta, huko milimani, aliyelisoma tangazo hilo mara tatu bado hajui aende wapi.

Anayeandika “ofisi husika” anaijua ofisi hiyo. Iko korido ile ile, mlango wa nne. Asiyeijua ni msomaji, na msomaji ndiye aliyeandikiwa. Neno moja limeondoa kazi ya kutafuta kwa anayelipwa mshahara, likamtwisha anayelipa nauli. Kutoka Vunta, Mbaga au Mamba kushuka mpaka Same mjini ni safari ya kuamkia alfajiri, na ukifika ukaambiwa umekosa karatasi moja, ni siku nyingine, nauli nyingine, na palizi imelala.

Aliyefundishwa angeandika hivi: “Mkopo usio na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Nenda na cheti cha usajili wa kikundi, katiba ya kikundi na vitambulisho vya wanachama.” Kisha tarehe ya mwisho na namba ya simu ya ofisi, basi. Maneno yamezidi kidogo tu ya lile tangazo la kwanza, lakini mtu anajua pa kwenda akiwa bado nyumbani.

Mikopo hiyo inatufundisha jambo jingine. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ikasitishwa, mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Katikati ya kusitishwa na kurejeshwa, mwenye kikundi kijijini anaishi kwa tetesi asipokuwa na mahali pa kusoma kwa uhakika nini kimebadilika na tangu lini. Pengo hilo ndilo wanalolitafuta matapeli wa simu.

“Husika” haiko peke yake. Ina ndugu zake. Kuhesabu watu ni zoezi, kuchanja ng'ombe ni zoezi, kuvunja vibanda ni zoezi. Wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba ni wadau, mabenki ni wadau, na wafugaji wa Ruvu ni wadau, hata usijue nani anasemwa. Hiki ni Kiswahili cha jalada. Mtumishi wetu amesoma kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza mpaka chuo kikuu, akaandika ripoti zake kwa mtindo wa ripoti za Kiingereza, na siku anapotakiwa kumwandikia mwananchi anaifasiri ripoti. Hatumlaumu. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha namna nyingine. Yeye mwenyewe akimpigia mama yake simu jioni kumweleza utaratibu ule ule, anaueleza vizuri sana, kwa mpangilio, bila “husika” hata moja. Mafunzo tunayoyadai ni ya kuihamisha sauti ile ya jioni mpaka kwenye tangazo.

Same ina sababu zake za kuliona jambo hili kwa uzito. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa milima ya Upare waliteremka mpaka makao ya wilaya, Same, wakaweka kambi na kukataa kuondoka. Walikuwa wakipinga mbiru, kodi mpya iliyopewa jina la ushuru wa zamani wa watemi na kupimwa kwa mali na mapato ya kila mtu. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria, aliandika kitabu kizima juu ya mapambano hayo. Watu wale hawakukataa kulipa. Kodi ya zamani, ya kiwango kimoja kwa wote, walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni kipimo: nani kahesabu, kahesabu nini, na kwa nini mimi hiki na jirani yangu kile. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza mbele ya mkuu wa wilaya, na hatimaye mbiru ikaondolewa. Hatusemi kwamba tangazo zuri lingeiokoa kodi ile. Ilikuwa kodi ya utawala wa kikoloni na ilistahili kuanguka. Tunachosema ni kwamba watu wa milima hii wamezoea tangu zamani kuitaka serikali ijieleze, na wamewahi kulala nje kwa ajili hiyo.

Leo sheria iko upande wao. Ibara ya 18 ya Katiba inawapa haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma ziwe na afisa wa kushughulikia taarifa, na zimjibu mwombaji ndani ya siku 30. Siku 30 ni nyingi kwa mtu ambaye jibu lake lingeweza kuwa limeshaandikwa na kubandikwa.

Wapo watakaosema: huko milimani mtandao unakatika, bando ni ghali, na wazee hawana simu janja. Ni kweli. Lakini ukurasa ulioandikwa vizuri haukai kwenye tovuti tu. Unachapwa na kubandikwa kwenye ubao wa kijiji. Mtendaji anausoma kwenye mkutano, mchungaji na imamu wanautangaza baada ya ibada, na unarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Na tusisahau anayesoma ni nani. Watoto wa Upare wako Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na ndio wanaofungua tovuti kwa niaba ya wazazi, kisha wanapiga: “Mama, nimesoma, kesho usishuke, anzia kata.” Tangazo la kuskaniwa lenye “taratibu husika” haliwezi kufanya safari hiyo. Hata mtangazaji wa redio anashindwa kulifanyia kitu.

Nani afundishwe? Afisa habari na afisa TEHAMA wameshapita darasani mara kadhaa. Wanaobaki nyuma ni wale wenye habari zenyewe: afisa ardhi, afisa mifugo, afisa biashara, afisa maendeleo ya jamii, mhasibu anayetoa namba ya malipo, na mtendaji wa kata. Afisa habari hawezi kubuni masharti ya leseni. Anaandika alicholetewa, na akiletewa ukungu anapandisha ukungu. Wakuu wa idara nao waingie darasani, pamoja na mkurugenzi mtendaji, kwa sababu wao ndio wanaotia saini. Sentensi fupi ya kijana ikipanda mezani kwa wakubwa watatu ikarudi imerefushwa, mwaka unaofuata kijana ataandika ndefu tangu mwanzo.

Darasa lenyewe lifanyike nusu ndani, nusu nje. Kila mtumishi alete tangazo aliloliandika yeye, si mfano wa kitabuni. Alitengeneze asubuhi, mchana alipeleke stendi ya Same, amsomee mama anayeuza ndizi na kijana wa bodaboda, kisha anyamaze awasikilize wakirudia kwa maneno yao: wataenda wapi, lini, na nini mkononi. Wasipoweza, tangazo lirudi mezani. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 inayozitaka taasisi za serikali kuu ziwafundishe watumishi kuandika kwa lugha nyepesi. Uingereza, mwaka 2012, walianza kuzikusanya tovuti za wizara mahali pamoja na kuziandika upya kwa kuangalia raia anatafuta nini. Sisi tuna faida waliyoikosa wengi barani: lugha moja inayoeleweka kuanzia Gonja mpaka Kigoma.

Fedha. Mradi wa PS3 ulikwisha, na USAID yenyewe ikafungwa mwaka 2025. Hakuna mgeni wa kumsubiri. Mafunzo ya uandishi hayahitaji hoteli wala posho za safari. Yanahitaji ukumbi wa halmashauri, mwalimu mzuri wa Kiswahili, na mhariri wa gazeti kwa siku chache, kila mwaka, kwa sababu watumishi huhamishwa na nywila huondoka nao. Upare unalielewa hili kuliko mahali pengi. Ndiva zetu, yale mabwawa madogo ya kukinga maji usiku ili yafunguliwe mashambani kwa zamu, hazikujengwa mara moja zikaachwa. Tope linajaa, na msaragambo unaitwa: watu wanatoka na majembe kulizoa. Tovuti iliyozinduliwa 2017 nayo inajaa tope: simu ya afisa aliyehama, fomu ya utaratibu uliokufa, tangazo la zabuni iliyokwisha. Halmashauri itenge siku moja kila robo mwaka, kila idara ikae na kurasa zake, ifute kilichokufa na kuandika upya kisichoeleweka.

Wilaya ya Same, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 300,000. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe kutoka Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, na kila nyumba inayotaka kuunganishwa ina maswali yake ya fomu, gharama na muda. Wakulima wa mpunga wa Ndungu wana yao.

Kati ya maswali yote hayo, sisi tungeanza na la tembo. Mvua za vuli zikishapandiwa, mahindi ya Kisiwani na Maore hayachelewi kubeba, na wanyama wanajua hivyo kama wakulima wanavyojua. Ukurasa wa kifuta jasho uandikwe kabla ya hapo, usomwe stendi, urekebishwe, kisha ubandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji inayopakana na hifadhi, ukiwa na cheo na namba ya simu ya ofisi ya mtu atakayepokea.