Wizi Usio na Aliyeibiwa



Ndugu msomaji, kamati ya msikiti wetu huku Mbagala imepokea barua yenye saini za wazazi 11. Wanataka tufuatane nao kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili kibanda cha gemu kilicho njiani kuelekea madrasa kifungwe. Sababu waliyoitoa ni moja: watoto wanafundishwa ujambazi. Na mchezo waliouandika kwa jina ni ule ambao watoto wote wa mjini wanauita GTA. Nami, kwa kuwa ni katibu, nimetakiwa kuandaa maelezo ya kuwasaidia wajumbe kuamua. Nayaleta hapa pia, maana barua kama hiyo ingeweza kuandikwa Tandika, Buza, Tandale au Bunju.

Kadhi hamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Kwa hiyo nilikwenda kibandani jioni tatu baada ya Alasiri, nikaketi kwenye benchi pamoja na vijana, nikatazama, nikauliza, na mwishowe nikashika pedi mwenyewe. Nitaanza na yale mazuri, kwa sababu mzazi asiyejua kwa nini mtoto anakipenda kitu hana hoja ya kumtoa humo.

Jina kamili la mchezo huo ni Grand Theft Auto, ambalo ni istilahi ya kisheria ya Wamarekani kwa kosa la kuiba gari. Hata hivyo waliouanzisha si Wamarekani. Toleo la kwanza lilitengenezwa na vijana wa mji wa Dundee, Scotland, likatoka mwaka 1997. Toleo linalochezwa zaidi katika kibanda chetu, kwa sababu mashine zake ni za zamani, ni San Andreas la mwaka 2004. Wenye mashine mpya majumbani wanacheza toleo la tano, lililotoka Septemba 2013. Toleo hilo liliingiza dola bilioni moja ndani ya siku tatu za mwanzo, na hadi sasa nakala zake zilizouzwa zimepita milioni 200. Kitu kilichoingia katika nyumba nyingi kiasi hicho hakitaondoka kwa kukemewa tu.

Uzuri wake wa kwanza ni upana. Michezo mingine humpa mchezaji njia moja ya kufuata; huu humpa nchi nzima. San Andreas ina miji mitatu iliyofinyangwa kwa mfano wa Los Angeles, San Francisco na Las Vegas, na kati yake kuna mashamba, milima na jangwa. Usiku huingia na kukucha, mvua hunyesha, redio za magari huimba na kutangaza. Mhusika wake, Carl Johnson, ambaye vijana humwita CJ, akila ovyo hunenepa, akifanya mazoezi hujenga misuli. Kuna shule ya udereva na shule ya urubani. Mchezaji akitaka anaweza kuacha ugomvi akaendesha teksi, gari la zimamoto au gari la wagonjwa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliniambia kuwa hilo la wagonjwa ndilo alipendalo kuliko yote, kwa sababu anashindana na saa kuwafikisha majeruhi hospitali.

Uzuri wa pili ni hadithi. CJ anarudi nyumbani kwa msiba wa mama yake, na kabla hajafika mtaani kwao anakamatwa na askari mla rushwa anayemtishia kumbambikia kesi ya mauaji. Hadithi ya namna hiyo haihitaji mkalimani kwa kijana wa uswahilini. Na katika toleo la tano yumo baba aitwaye Michael, mwizi wa benki aliyestaafu. Ana jumba la kifahari na bwawa la kuogelea, lakini mke hamsikilizi na watoto hawamheshimu. Mwanawe wa kiume, Jimmy, anashinda chumbani akicheza gemu ya mauaji huku akitukanana na watu asiowaona. Katika tukio mojawapo baba huyo anakwenda chumbani kwa mwanawe, kisha wanatoka pamoja kwenda ufukweni kuendesha baiskeli. Tazama, mzazi mwenzangu: watengenezaji wenyewe wa gemu hii wamemchora mtoto aliyemezwa na gemu, wakaona kwamba kinachomtoa chumbani ni baba anayetoka naye.

Sasa nije kwenye karaha zake, na nianze na zile ambazo wachezaji wenyewe wanazilalamikia.

Ya kwanza ni kwamba uhuru unaosifiwa una mipaka myembamba. Ukianza kazi uliyopangiwa, hadithi hukushika mkono kama mfungwa. Ukitoka nje ya njia iliyowekwa, umeshindwa, rudia. Kuna kazi moja ya CJ kuendesha pikipiki sambamba na garimoshi huku mwenzake aliyepakia nyuma akiwapiga risasi maadui walio juu ya mabehewa. Nilimwona kijana akiirudia mpaka muda aliolipia ukaisha, akatafuta Sh 500 nyingine, akairudia tena. Nyumbani hilo lingekuwa karaha tu. Kibandani ni nauli ya shule. Na mara nyingi kesho yake anakuta mwingine amefuta alipokuwa ameishia.

Ya pili ni biashara iliyofuata. Toleo la tano lina upande unaochezwa kwa intaneti, na humo huuzwa kadi za fedha za mchezo zinazonunuliwa kwa fedha halisi. Kijana hutoa noti ya kweli apate noti isiyoweza kununua hata andazi.

Ya tatu ni kelele za matangazo. Filamu fupi ya kutangaza toleo la sita ilitolewa Desemba 2023, ikaahidi mwaka 2025. Mei 2025 tarehe ikasogezwa hadi 26 Mei 2026, na Novemba mwaka huohuo ikasogezwa tena hadi 19 Novemba 2026. Wapo vijana wanaoweka akiba ya mashine mpya kwa ajili ya tarehe hizo kwa uaminifu ambao hawajauonyesha kwenye ada.

Karaha ya nne ni ya wazazi, nayo ni ya umri. Gemu hii ni kejeli. Inawacheka wanasiasa waongo, matangazo ya biashara na tamaa ya mali ya Wamarekani. Mtu mzima huipata kejeli hiyo. Mtoto wa miaka kumi hupata risasi, matusi na wanawake walio nusu uchi, basi. Watengenezaji hawajalificha hilo. Marekani mchezo huu umewekewa alama ya miaka 17 na kuendelea, na Ulaya miaka 18. Mwaka 2005 ilipogundulika kuwa ndani ya San Andreas mlikuwa na sehemu ya uchafu iliyofichwa, ilipandishwa daraja huko Marekani kuwa ya watu wazima pekee, na maduka makubwa yakaiondoa. Lakini diski ikifika uswahilini haina ganda, na alama ya umri ilibaki kwenye ganda.

Hayo yakishasemwa, je, ni kweli kwamba mchezo huu unazaa majambazi? Waliotia saini wanakumbuka mwanzoni mwa Januari 2015, Panya Road walipotia jiji hofu na watu wakafunga maduka mapema. Wanakumbuka pia Septemba 2022, vijana wenye mapanga waliporudi kuvamia nyumba. Hofu yao ni ya haki. Lakini shitaka linataka ushahidi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachunguza vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15 wapatao elfu moja, wakiwahoji na wazazi wao, wasione uhusiano kati ya gemu za ukatili na tabia ya ukorofi. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitamka kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzifanya gemu hizi chanzo cha uhalifu, ingawa kilikiri kuwepo uhusiano mdogo na mambo kama kufoka na kusukumana. Tukiwapachika Panya Road kwenye pedi, tutakuwa tumejipa raha ya kumpata mkosaji, na tutasahau kuuliza habari za shule zilizoachwa, kazi zisizokuwepo na nyumba zisizo na msimamizi.

Kwa hiyo shitaka langu ni jingine, na kwa maoni yangu ni zito zaidi: katika jiji lile lote kubwa, hakuna aliyeibiwa.

Mchezaji anamvuta dereva nje ya gari, anaondoka nalo. Dereva hana jina, hana nyumba, hana deni. Akikimbia mita chache amefutika. Polisi wakimfuata mchezaji, nyota huwaka juu ya kioo kuonyesha ukubwa wa msako. Lakini akiliingiza gari katika gereji ya rangi, likapakwa rangi mpya, msako huisha. Akiuawa, huamka mlangoni pa hospitali, amepungukiwa silaha na fedha kidogo. Kila kosa lina bei kwa mkosaji, na bei ni ndogo. Kwa mkosewa hakuna hesabu yoyote.

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja si mlango mmoja. Mja akitubu kwa Mola wake kwa ikhlasi, anatarajia msamaha. Lakini aliyemdhulumu mwenzake lazima arudishe kilicho cha watu au aombe radhi kwa mwenyewe. Toba isiyompitia aliyedhulumiwa ni ile gereji ya rangi: gari limebadilika sura, mwenye gari bado anatembea kwa miguu.

Na huku kwetu mwenye gari tunamjua. Kijana wa bodaboda ya mkataba akiporwa pikipiki Kongowe saa nne usiku, asubuhi tajiri wake anasubiri hesabu. Mkataba haukufutika, kodi ya chumba haikufutika, na mke aliyejifungua juzi anamtazama usoni. Hilo ndilo jambo ambalo gemu haikulijenga, ijapokuwa imejenga milima, majangwa na viwanja vya ndege.

Niliwauliza vijana pale kibandani, gari lilipoibiwa mbele yangu: "Hili lilikuwa la nani?" Walicheka. Mmoja akajibu, "Ustadh, ni la gemu tu." Mwingine, ambaye kaka yake aliwahi kuporwa pikipiki, hakucheka. Baada ya kitambo akasema, "Labda la mtu wa mkataba." Ndipo mazungumzo yakaanza, nayo yalichukua muda mrefu kuliko mchezo.

Kwa msingi huo, haya ndiyo nitakayoyapendekeza kwa kamati. Tusianze kwa kukifunga kibanda. Tukikifunga hiki, kipo kingine nyuma ya soko. Na San Andreas imekuwa ikipatikana kwa simu tangu Desemba 2013, hivyo tutakuwa tumeziba mlango na kuacha dirisha wazi. Badala yake tukae na mwenye kibanda, ambaye naye ni jirani na mzazi, tukubaliane mambo matatu. GTA isichezwe na aliye chini ya miaka 18. Wadogo wabaki na mpira na mbio za magari. Mashine zizimwe saa za madrasa, na kuanzia adhana ya Magharibi hadi baada ya Isha. Na mzazi yeyote awe na ruhusa ya kuingia na kuketi wakati wowote. Akikataa, ndipo barua iende kwa mwenyekiti wa mtaa, nami nitaiandika.

Najua wapo wazee watakaoona kuwa huu ni ulegevu. Nawaheshimu, na hoja yao kwamba shari huzibwa mapema ni hoja ya kielimu. Jibu langu ni kuwa sisi wenyewe tumefunga geti la uwanja wa msikiti kila siku baada ya Alasiri ili usichafuke. Mtoto asiye na pa kucheza bure atalipia pa kucheza. Pendekezo langu la nne, basi, ni kwamba geti hilo lifunguliwe na mpira ununuliwe.

Na majumbani kwetu, mzazi mwenzangu, usitosheke kwa kumnyang'anya mwanao simu. Ikiwa ni mdogo, mwondolee mchezo huu na umweleze kwa nini, tena kwa maneno ya mtu anayeujua. Ikiwa amekuwa mkubwa na anaucheza, keti kando yake nusu saa. Mwache akuonyeshe jiji lake. Kisha, gari la kwanza likiibiwa, muulize lilikuwa la nani, na usiondoke mpaka akujibu.

Wabillahi tawfiq.