Akipona, atarudi kwa nani?

Kalamu haimwandikii mwendawazimu dhambi mpaka akili zimrejee. Sheria ya Tanzania Bara nayo haiko mbali na hapo: aliyetenda kosa la jinai akiwa hana akili timamu hupelekwa Isanga, Dodoma, akatibiwe.

Lakini idadi ya walio humo haiongezwi na wanaoingia tu, bali na wasiotoka pia. Anayeingia hana tarehe ya kutoka. Husubiri ripoti ya daktari na amri ya serikali. Kisha linabaki swali: anakwenda kwa nani? Mtu wa Bujonde, kule Kyela karibu na Ziwa Nyasa, yuko mamia ya kilomita kutoka kwao. Asipozuriwa, miaka hupita, nyumba ikamzoea kuwa hayupo na kijiji kikamwogopa.

Nasi visiwani tusijione tumesalimika. Kidongo Chekundu iko Unguja. Jamaa wa Pemba wana bahari katikati.

Damu ya aliyeuawa haipotei bure. Mafakihi wengi wamesema mwendawazimu akiua, dia hubebwa na jamaa zake wa kuumeni. Basi ikiwa dini imewabebesha jamaa dia yake, vipi wamkimbie mwenyewe akishapona? Tumzuru angali huko, na tuzungumze mapema na wafiwa.

Wallahu a'lam.