Deni nalo huua

Msomaji, usidhani kwamba mkulima wa Marekani mwenye trekta na maghala ya mahindi hajui dhiki. Karibu na mji mdogo wa Lone Tree, jimbo la Iowa, aliishi mkulima mmoja aliyeheshimika. Mnamo Desemba 9, 1985, akiwa na umri wa miaka 63, alimuua mkewe, mkuu wa benki na jirani, kisha akajiua.

Mauaji hayo hayana udhuru. Hata hivyo, tazama yaliyotangulia. Miaka ya 1970 wakulima walihimizwa kukopa ili wapanue mashamba. Baadaye riba ikapanda mno na, kuanzia 1981, bei ya ardhi ikaporomoka. Benki zikadai, na wanaume waliozoea kuonekana wanajiweza wakafunga midomo. (Sisi wanaume ni mabingwa wa hilo!)

Mwaka huo huo Iowa ilikuwa imeanzisha huduma ya simu ya kuwasikiliza wakulima. Lakini simu husubiri mtu aipige. Daktari naye hukuuliza kuhusu presha na sukari, deni haliulizi. Kwa maoni yangu, aliulize.

Ukimwona mdaiwa hapati usingizi na anajitenga na watu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.